Bunduki ya upepo: nguvu si shabaha

KINDU, Maniema – Kila mahali bunduki ya upepo inapoonyeshwa, swali la kwanza ni lile lile: "Ina nguvu kiasi gani?" Hakuna anayeuliza kama risasi ya kumi itafika pale ilipofika ya kwanza. Hakuna anayeuliza upepo wake unapimwa na nini. Muuzaji anajua hilo, ndiyo maana anasifu nguvu. Kijana naye akifika nyumbani, kazi yake ya kwanza ni kutafuta springi iliyo ngumu zaidi au kujaza upepo kupita alama. Na jirani, ambaye hakuulizwa lolote, amelala na watoto wake upande wa pili wa turubai.

Neno la kusemwa hapa ni fupi: nguvu si shabaha. Bunduki ya upepo isiyopimwa haimfai mwindaji, haimfai mchezaji, na haina nafasi katika kartie ambamo familia tatu zinagawana nyumba moja. Anayesema kinyume alete karatasi yenye matundu, asilete maneno.

Upepo unafanya kazi gani

Bunduki hii haina baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa iliyobanwa. Zipo aina tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni ya springi: mtu anakunja mtutu, springi inakazwa, na akivuta kifyatulio pistoni inaruka mbele na kubana hewa mara moja. Ya pili inatumia gesi ya CO2, ile ile inayotia povu ndani ya soda, iliyofungwa katika kichupa cha chuma. Ya tatu ina tangi dogo linalojazwa kabla ya kupiga, mara nyingi mpaka bari 200, kwa pampu ya mkono au kwa chupa kubwa.

Bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida. Gurudumu la kinga, baiskeli ile inayoingiza mihogo na mafuta ya mawese mjini, linatosheka na bari tatu au nne hivi. Kila mtu Kindu amewahi kusikia tairi likipasuka kwa sababu mtu alitia upepo kupita kiasi, kisha jua la saa saba likamalizia. Sasa afikirie bari 200 ndani ya chuma ambacho mtu anakiegemeza shavuni.

Presio hiyo, kama mafundi wa magurudumu wanavyoiita, ndiyo inayokipa kidonge kasi. Kidonge cha milimita 4.5 chenye uzito wa nusu gramu, kikitoka kwa mita 170 kwa sekunde, kinabeba jouli 7 na kidogo. Kasi ikiongezeka mara mbili, pigo haliongezeki mara mbili: linaongezeka mara nne. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu mwenye akili atembee polepole. Wengi inawafanya wakimbie.

Iliyo sahihi kuliko zote ni dhaifu

Wanaosema nguvu huleta shabaha wana swali moja la kujibu. Tangu Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, kuna shindano la bunduki ya upepo ya mita 10. Kidonge ni cha milimita 4.5. Alama ya kumi kwenye shabaha ni kitone chenye upana wa nusu milimita, kidogo kuliko kichwa cha pini. Wapigaji wakubwa wanakigonga kitone hicho mara kwa mara, siku nzima, mbele ya watu. Na bunduki zao zina nguvu gani? Ni hizo hizo jouli 7 hivi.

Yaani bunduki zilizo sahihi kuliko nyingi duniani ni kati ya zile dhaifu. Watengenezaji wake hawakushindwa kuziongezea upepo. Tangi lina upepo mwingi. Waliamua kuweka ndani yake regulata, kifaa kinachopokea presio kubwa kutoka tangi na kutoa presio moja tu, ndogo, isiyobadilika, kwa kila risasi. Fedha nyingi za bunduki hiyo zinalipia usawa huo: mtutu ulionyooka, kifyatulio chepesi, na upepo ule ule kila mara. Hakuna franka hata moja iliyotumika kununua kishindo.

Hata wakubwa wa vita walilijua jambo hili zamani. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na Girardoni. Kitako chake kilikuwa ndicho tangi, na kulijaza kulitaka kusukuma pampu karibu mara 1,500. Iliweza kupiga risasi nyingi bila moshi, lakini kila risasi ilipotoka presio ilishuka, na kila presio iliposhuka risasi ilianguka karibu zaidi. Askari aliyelenga sawa sawa mara ya kwanza na mara ya thelathini hakupiga mahali pamoja. Kosa halikuwa la jicho lake, lilikuwa la upepo.

Kinachoiba shabaha

Hapa ndipo wapenda nguvu wanaposhindwa hesabu. Chukua bunduki inayotoa kidonge kwa mita 250 kwa sekunde safari hii, na mita 230 safari ijayo. Mtu anaona tofauti ndogo. Lakini kwenye umbali wa mita 30, hata bila kuhesabu upinzani wa hewa, kidonge cha pili kinashuka zaidi kwa sentimita 1 na kidogo. Kwenye mita 50 tofauti inapita sentimita 3. Kichwa cha njiwa kina upana gani? Mwindaji analaumu darubini, analaumu mkono, analaumu hata mtu aliyempita njiani asubuhi. Bunduki yenyewe inatema kila kidonge kwa kasi yake.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika bunduki ya tangi isiyo na regulata, kujaza kupita alama mara nyingi kunapunguza kasi. Presio ikiwa kubwa mno inaikandamiza valvu, na nyundo ndogo inayotakiwa kuifungua inashindwa kuifungua vya kutosha. Upepo unaotoka ni mchache. Risasi za kwanza zinakuwa dhaifu, za katikati zinapanda, za mwisho zinashuka tena. Kijana aliyejisumbua kwa pampu mpaka jasho likamlowesha amenunua udhaifu kwa nguvu zake mwenyewe, na amelichosha tangi bure.

Mwenye springi naye hana pa kujificha. Springi ngumu zaidi inarusha pistoni nzito kwa nguvu zaidi, na bunduki yenyewe inaruka mkononi kabla kidonge hakijatoka mtutuni. Kuna wanaotia matone ya mafuta ndani ya silinda ili hewa ya moto iyachome na kutoa kishindo. Wanafurahia mlio. Wakati huo mpira wa pistoni unaungua, springi inavunjika, na kila kidonge kinatoka kwa kasi tofauti. Mlio ni wa kuonyesha marafiki. Shabaha imekwisha kupotea.

Na wanaoota kasi ya sauti, yaani karibu mita 340 kwa sekunde, wajue kwamba kidonge chenye kiuno chembamba hakikutengenezwa kwa mwendo huo. Kikikaribia hapo kinayumba, na baada ya mita chache hakuna anayejua kinakwenda wapi. Kitu kisichojulikana kinakokwenda, katika mji wenye watu, si mchezo.

Joto la Kindu halisomi kitabu cha mtengenezaji

Bunduki ya gesi ya CO2 ina hadithi yake, na hadithi hiyo inawahusu watu wa hapa kuliko watu wa Ulaya. Presio ya gesi hiyo inafuata joto. Kwenye digrii 20 iko karibu bari 57. Kwenye digrii 30 inafika karibu bari 72. Hakuna aliyegusa kitu. Jua ndilo lililoongeza upepo.

Maana yake ni kwamba bunduki iliyorekebishwa alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya mto, si bunduki ile ile saa saba mchana. Inapiga juu zaidi na kwa nguvu zaidi. Tena, mtu akipiga haraka haraka, gesi inapoa ndani ya kichupa na risasi zinaanza kushuka. Kwa hiyo kichupa kikiachwa juani, au juu ya kiti cha pikipiki, mwenye nacho amebadilisha bunduki yake bila kujua. Mji wa joto na unyevu kama Kindu unadai uangalifu zaidi, na ndiko watu wanaposema "hizo ni mambo ya wazungu."

Unyevu nao una deni lake. Pampu ya mkono inavuta hewa yenye maji, na hewa ikibanwa maji yanajitenga. Yanabaki ndani ya tangi. Chuma kinashika kutu upande ambao macho hayafiki. Mwenye bunduki anafuta nje kwa kitambaa mpaka ing'ae, na ndani ukuta wa tangi unaliwa.

Jambo moja lisirudiwe mara mbili mbele ya fundi yeyote: chupa ya oksijeni ya mwenye kuchomelea vyuma, au ile ya hospitali, haijazi bunduki ya upepo. Oksijeni ya presio kubwa ikikutana na mafuta au grisi inalipuka. Akija kijana na kusema, "Papa, nijazie kidogo tu, pampu imenichosha," jibu la fundi liwe moja: "Mwanangu, rudi nyumbani na mikono yako yote miwili." Fundi anayekubali kwa sababu ya franka chache ameuza kitu asichokuwa nacho, yaani uso wa mtoto wa mwenzake.

Kupima hakuhitaji utajiri

Mara nyingi jibu ni kwamba vipimo ni vya matajiri. Si kweli. Kifaa cha kupima kasi, kronografu, ni kizuri kwa aliye nacho. Asiye nacho ana karatasi, kalamu, manometa ya bunduki yake na uvumilivu, na hivyo vinne vinatosha kuanza.

Anachagua aina moja ya vidonge na kuacha kuchanganya. Anaangalia kwanza skrubu zote na usafi wa mtutu, kwa sababu bunduki inayosemwa "haina nguvu" inaweza kuwa na skrubu iliyolegea tu. Anaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ili mkono usihesabiwe. Nyuma ya karatasi anaweka ukuta wa udongo au kingo ya ardhi isiyopitika. Anapiga risasi tano tano kwa umbali ule ule, na kila mara anaandika manometa ilisoma ngapi kabla na baada.

Karatasi inasema yenyewe. Matundu yakitawanyika juu na chini, upepo haulingani. Yakitawanyika kila upande, atazame mtutu, vidonge na mkono wake. Baada ya mafungu kadhaa ataona kwamba kati ya presio fulani na presio fulani matundu yanakaa pamoja, na nje ya hapo yanatoroka. Basi hapo ndipo mahali pa bunduki yake. Aanze kujaza hapo, aache kupiga inapofika chini ya hapo, hata kama tangi bado lina upepo. Kama bunduki ina regulata au skrubu ya springi ya nyundo, anabadilisha kitu kimoja kwa safari moja, anarudi kwenye karatasi, anaandika. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja hajui ni kipi kilichomsaidia na ni kipi kilichomharibia.

Mwisho wa kazi hiyo, mara nyingi, mtu anagundua kwamba bunduki yake inapiga vizuri ikiwa chini ya nguvu yake ya juu. Hilo ndilo somo lote, na limemgharimu karatasi za daftari la shule.

Wapo Wakongomani wanaofanya hivyo

Ikiwa Olimpiki iko mbali, mfano mwingine uko mashariki mwa nchi hii hii. Gorila akinaswa na mtego wa waya katika Virunga au Kahuzi-Biega, waganga wa wanyama wa shirika la Gorilla Doctors, miongoni mwao Wakongomani, wanaingia msituni kumtibu. Kazi ya kuwatibu gorila wa milimani ilianza mwaka 1986. Chombo cha kumlaza mnyama ni bunduki au bastola ya kurusha sindano ya dawa, na kinachosukuma sindano hiyo ni hewa au gesi.

Daktari wa namna hiyo hajazi upepo mpaka mwisho. Akifanya hivyo sindano inavunja mfupa au kuzama tumboni, na mnyama aliyekuja kuokolewa anakufa mikononi mwa waokozi wake. Akitia kidogo mno, sindano inaanguka njiani, kundi linatawanyika, na waya unaendelea kukata mguu. Kwa hiyo anakadiria umbali, anajua uzito wa sindano kwa dawa iliyomo, anasoma manometa, anarekebisha presio kwa ajili ya risasi hiyo moja. Amejizoeza kwenye ubao kabla ya kuingia msituni. Analenga msuli mnene wa bega au paja. Majani yakiziba, hapigi. Anangoja.

Mtu anayebeba dawa ya kuponya anapima upepo wake mpaka alama ya mwisho. Mtu anayebeba risasi ya kuua, ndani ya kartie yenye watoto, anasema hana muda wa manometa. Nani kati yao aitwe fundi wa bunduki?

"Watu wana njaa"

Jibu kubwa la upande wa pili linajulikana, nalo si la kuchekwa. "Watu wana njaa. Waliokimbia waliacha mashamba. Njiwa mmoja ni mboga ya watoto. Mwacheni kijana awinde." Njaa hiyo ni ya kweli. Maniema inapokea waliokimbia Kabambare, inapokea waliotoka Kivu, na wengi wanakaa kwa ndugu na kwa wasamaria ambao nao hawakuwa na ziada. Kumdharau mtu anayetafuta mboga ni dhambi.

Lakini ni nani anayehitaji bunduki iliyopimwa kuliko mwenye njaa? Mwenye mali anaweza kupoteza vidonge ishirini akijifurahisha. Mwenye njaa ana vidonge vya kuhesabu. Kila kidonge kinachokwenda kombo ni fedha ya chumvi iliyotupwa porini. Kila kanga anayejeruhiwa na kukimbilia vichakani ni nyama iliyokwenda kuozea mahali pasipojulikana. Kidonge chenye kasi kupita kiasi kinampita ndege mdogo na kutokea upande wa pili, kisha kinaendelea na safari. Chenye kasi ya kiasi, kikifika kichwani, kinamaliza kazi pale pale. Wazee waliowinda kwa mishale na nyavu katika misitu ya Maniema walikaribia mnyama. Hawakutafuta upinde wa kupiga kutoka mbali wasikoona vizuri. Anayemtetea mwenye njaa kwa kumsifia nguvu amempa ugonjwa badala ya dawa.

Tena njaa haifuti mpaka. Mbuga ya Taifa ya Lomami ilitangazwa mwaka 2016, na wanyama wake si mboga ya mtu yeyote. Kasuku wa kijivu naye, biashara yake ya kimataifa ilikatazwa na mkutano wa CITES mwaka huo huo wa 2016. Bunduki ya upepo haitoi kelele nyingi, na kwa sababu hiyo wengine wanaiona kama kibali cha kuiba kimya kimya. Sivyo.

Anayelala nyuma ya turubai

Sasa lisemwe lile ambalo wenye bunduki hawapendi kusikia. Kidonge cha mita 170 kwa sekunde, kile kile cha mashindano ya jouli 7, kinapita turubai. Kinatoboa jicho. Kwenye kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kuua. Hakuna bunduki ya upepo iliyo "ya kuchezea tu". Na kidonge kilichopigwa juu kumfuata ndege kwenye mwembe, kikimkosa, kinaweza kusafiri mita mia kadhaa kabla ya kutua. Mita mia kadhaa za Kasuku, za Mikelenge au za Alunguli zina nyumba ngapi? Zina akina mama wangapi wanaotwanga pondu uani?

Ujerumani inauza bunduki ya upepo kwa mtu mzima bila kibali ikiwa haizidi jouli 7.5, ikizidi, kibali kinadaiwa. Uingereza imeweka mpaka wake karibu na jouli 16. Nchi hizo hazikuchagua namba kwa kupenda namba. Zilijua kwamba bila kipimo kila mtu atasema yake ni ndogo.

Kwa familia zilizohama kuna jambo la ziada. Kwa macho ya mtu aliye mbali, bunduki ya upepo ni bunduki. Mtoto aliyekimbia usiku hatofautishi mtutu wa hewa na mtutu wa vita. Askari kwenye kizuizi naye hana sababu ya kusubiri atofautishe. Kijana mhamaji anayepita jioni na kitu kama hicho begani anahatarisha maisha yake mwenyewe kwanza, kisha jina la wahamaji wote wa kartie ile, kwa sababu kesho yake watu watasema, "Wale waliokuja wana silaha." Uongo wa namna hiyo unasafiri haraka kuliko kidonge chochote, na hakuna regulata ya kuupunguza.

Yanayotakiwa

Kongo ina sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Zote mbili zinasimama juu ya neno kibali. Anayejiambia kwamba upepo haumo ndani ya sheria aende ofisini kuuliza kabla ya kununua, asingoje kuulizwa na polisi akiwa nayo mkononi.

Muuzaji aseme kipimo. Bunduki hii, kwa kidonge hiki, inatoa jouli ngapi, na mtengenezaji amesema isijazwe kupita bari ngapi? Asiyeweza kujibu anauza hatari kwa bei ya mchezo, na mnunuzi amwache na mzigo wake.

Fundi akatae kufuta alama ya manometa, akatae oksijeni, akatae tangi la kuchomelea nyumbani. Mafundi wa bunduki za kienyeji za kalibre 12 wanajua kinachotokea mtu akizidisha baruti katika bomba lisilo lake: mtutu unafunguka kama ua. Upepo uliobanwa hauna huruma kuliko baruti.

Viongozi wa kartie na wa avenyu wasingoje jicho la mtoto ndipo waitishe kikao. Neno lao liwe la sasa: hakuna kupiga ndani ya kartie, hakuna kupiga kuelekea miti iliyo juu ya nyumba, hakuna mtoto peke yake na bunduki ya upepo. Mwenye kutaka kujizoeza atafutiwe mahali penye kingo ya udongo nje ya mji, siku inayojulikana, chini ya jicho la mtu mzima. Mahali pa namna hiyo pangewasaidia vijana wenye kipaji kuliko miti ya miembe.

Wahamaji na wenyeji wao wana haki ya kuuliza. Mama anayeona bunduki hiyo ikiegemezwa ukutani kwa jirani hamkosei mtu akisema, "Yaya, mwanao anaipigia wapi? Nyuma ya shabaha yake kuna nini?" Swali hilo si ugomvi. Ndilo swali la kwanza ambalo mpigaji mwenyewe angepaswa kujiuliza kabla ya kugusa kifyatulio.

Na kijana mwenye bunduki, ambaye labda amesoma mpaka hapa kwa hasira, ana njia rahisi ya kuwanyamazisha wote. Apime. Apunguze upepo mpaka matundu yakae pamoja. Aandike namba zake katika daftari. Akija mtu kumuuliza bunduki yake ina nguvu kiasi gani, amwonyeshe karatasi yenye risasi tano katika tundu moja. Asipoweza kuionyesha karatasi hiyo, bunduki ibaki nyumbani, tangi likiwa tupu na kidonge kikiwa nje ya mtutu, mpaka siku atakapoweza.